Mabuu Chini ya Ukoka
Mvua za kwanza zinaponyesha katika uwanda wa juu wa Ufipa, kwenye mwezi wa Novemba, mbawakawa hutoka ardhini jioni na kuzonga taa za nyumba za Sumbawanga. Majike hutaga kwenye udongo wenye unyevu. Mabuu wao ni weupe, wenye kichwa cha kahawia, na hulala wamejikunja nusu duara. Hula mizizi, iwe ya ukoka wa uani au ya mahindi shambani.

Ukoka ulioshambuliwa hukauka mabaka mabaka hata mvua ikiwepo, na ukivutwa huinuka kama mkeka, kwa kuwa mizizi imeshaliwa. Kabla ya kukimbilia dawa, inafaa kuchimbua kipande cha sentimita 30 kwa 30: buu mmoja au wawili si neno, kumi ni balaa. Kuzima taa za nje msimu mbawakawa wanapotoka husaidia. Kuku husaidia zaidi, ingawa huparua bila huruma.

Shambani, jembe lenyewe ni kinga. Wafipa hufukia nyasi ndani ya matuta ya ntumba zikaoza; matuta hayo yakibomolewa msimu unaofuata, mabuu huanikwa juani, na ndege hawachelewi.