Mtandamboo: Kichaka cha kwetu kisichotishwa na kiangazi

KIANGAZI kinapokaza, bustani nyingi katika maeneo kame humu nchini hugeuka vumbi tupu. Maua ya kigeni yaliyonunuliwa kwa bei ghali hunyauka, nyasi hukauka, nao ugo wa matawi makavu huliwa na mchwa hadi ukaanguka.

Hata hivyo, upo mmea wa kiasili ambao husalia na majani mabichi mwaka mzima. Huo ni mtandamboo, ambao Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa, Waluo ochuoga na Wamaasai olamuriaki. Wataalamu huutambua kama Carissa spinarum, ingawa vitabu vingi vya zamani huuita Carissa edulis.

Wengi waliolelewa mashambani waliyala matunda yake walipokuwa wakichunga mbuzi. La kushangaza ni kwamba wachache mno ndio huupanda nyumbani.

Siri ya ustahimilivu wake imo katika majani na mizizi. Majani ni magumu, yenye kung'aa, na utando wake wa nje huzuia maji yasipotee ovyo jua linapochoma. Mizizi nayo huzama chini kutafuta unyevu ambao mimea mingine haiufikii.

Uwezo huo una thamani kubwa nchini. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kutosheleza katika kaunti nyingi kame. Mwenye boma hawezi kutegemea mimea inayodai maji kila jioni ilhali mifugo haina ya kunywa.

Aidha, si kila mmea unaostahimili ukame unafaa kukaribishwa. Mathenge, mti wenye asili ya Amerika, ulipandwa Baringo katika miaka ya 1980 ili kukabiliana na jangwa, lakini ukaenea na kuvamia malisho. Wakazi waliowasilisha kesi kuhusu mti huo mnamo 2006 walifika mahakamani na mbuzi asiyekuwa na meno, kama ushahidi wa madhara yake. Mtandamboo, kinyume chake, umeishi na ndege, nyuki na mifugo wa hapa tangu jadi.

Anayetaka kuupanda na aanze na matunda yaliyoiva vyema, yenye rangi ya zambarau iliyokaribia weusi. Mbegu hutolewa, huoshwa na kukaushwa kivulini kwa muda mfupi tu, kisha hupandwa mara moja. Mbegu zikiwekwa kwa muda mrefu hupoteza uwezo wa kuota.

Miche hulelewa kitaluni hadi ipate nguvu, kisha huhamishwa mvua inapoanza. Katika maeneo ya Ukambani, mvua ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ndiyo ya kutegemewa zaidi kuliko ya masika.

Shimo lenye kina na upana wa sentimita 30 latosha, huku udongo wa juu ukichanganywa na samadi iliyooza. Kwa ugo, miche hupandwa umbali wa kati ya sentimita 50 na mita moja. Kijibonde kichimbwe kuzunguka kila mche ili kinase maji, na nyasi kavu zitandazwe juu ya udongo kuhifadhi unyevu.

Fauka ya hayo, ni kosa kudhani kwamba mmea unaostahimili ukame hauhitaji kutunzwa. Mche mchanga hukua polepole na wahitaji kunyweshewa katika kiangazi cha kwanza. Wahitaji pia kukingwa dhidi ya mbuzi, ambao huyapenda majani yake. Ukishakomaa na kupogolewa ipasavyo, miiba yake hufanya ugo ambao si ng'ombe wala mwizi anayeupenya kwa urahisi. Mwenye boma hatalazimika tena kukata miti kila mwaka ili kuziba mapengo.

Jambo moja lapaswa kuzingatiwa kwa makini kuliko yote. Mtandamboo una jamaa wa karibu anayefanana nao sana, nao ni msunguti, ambao Wamaasai huuita olmorijoi. Wawindaji wa Kikamba na Kiwata waliuchemsha mti huo kupata sumu ya mishale, na sumu hiyo hushambulia moyo.

Yote miwili ina majani magumu yanayoota kwa jozi, utomvu mweupe kama maziwa, maua yenye harufu tamu na matunda ya zambarau. Tofauti ya kushika ni miiba. Mtandamboo una miiba mirefu iliyonyooka, ilhali msunguti hauna hata mmoja.

Kwa hivyo, watoto wafunzwe kwamba tunda la kichaka kisicho na miiba haliliwi, hata likiwa limeiva namna gani. Kwa kuwa vichaka hivi viwili huweza kuota pamoja matawi yakiingiliana, anayechuma na alifuate tawi lililozaa tunda hadi aione miiba yake. Aliyekula tunda asilolijua apelekwe hospitalini bila kukawia, pamoja na kijitawi cha mmea wenyewe ili wahudumu wautambue.

Tahadhari hiyo ikizingatiwa, faida ni tele. Matunda huliwa yalivyo au hupikwa jemu, maua huwavutia nyuki, nayo mizizi hutiwa katika supu ya nyama miongoni mwa Wamaasai. Anayechimba mizizi hiyo asiimalize yote, kwani kichaka kitakufa.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mtandamboo ndio mbacha wetu, na hauhitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.