Msaidizi anayesahau kila asubuhi, na hesabu za wafanyabiashara wa Ziwa Tanganyika

RUMONGE, Burundi — Samaki anayeitwa mukeke akipakuliwa hapa huitwa mgebuka akifika Kigoma. Ndagala wa Burundi ndio dagaa wa Tanzania. Mawese upande huu hupimwa kwa bido na upande ule kwa dumu, ingawa chombo ni kile kile cha plastiki cha lita 20. Mfanyabiashara aliyevuka ziwa mara mbili tatu hahitaji kuelezwa haya. Programu ya simu inayomtunzia hesabu ndiyo inayohitaji kuelezwa, na siku hizi yule anayeiandika programu hiyo mara nyingi si mtu peke yake.

Vijana wanaotengeneza programu, wawe Bujumbura, Kigoma au Nairobi, sasa wanaweza kufanya kazi na wasaidizi wa akili mnemba. GitHub Copilot ilitoka mwaka 2021, Claude Code ikafuata mwaka 2025, na zipo nyingine kama Cursor. Kijana anaeleza kwa maneno ya kawaida anachotaka, msaidizi anaandika maagizo ya kompyuta. Kazi iliyohitaji watu kadhaa inaweza kufanywa na mmoja, kwa hiyo hata chama kidogo cha wauza mawese kinaweza kufikiria kutengenezewa programu yake badala ya kununua iliyoundwa kwa ajili ya duka la Ulaya.

Tatizo ni kwamba msaidizi huyu, akiachwa alivyo, hakumbuki jana. Alichojifunza alijifunza kabla hajatolewa kwa umma. Unachomwambia leo anakishika ndani ya mazungumzo ya leo tu, nayo yana kikomo cha maneno anayoweza kuyabeba kwa wakati mmoja. Ukifunga na kufungua mazungumzo mapya, unakutana na fundi hodari ambaye hajawahi kusikia habari za Rumonge.

Kwa mwenye biashara hili linaweza kuonekana ni shida ya fundi. Sivyo. Chukua mfano wa mama anayekopesha mawese kwa wateja wa pande tatu: Burundi, Tanzania, na Fizi ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo. Jumatatu fundi anamwambia msaidizi kwamba kila deni libaki katika sarafu lilikokopwa: shilingi ibaki shilingi, dola ibaki dola. Kazi inafanyika vizuri. Jumatano anafungua mazungumzo mapya na kuomba ukurasa mmoja unaojumlisha madeni yote. Msaidizi, asiyejua agizo la Jumatatu, anaona njia nyepesi: anageuza kila kitu kuwa faranga za Burundi kwa bei ya siku hiyo, kisha anahifadhi hivyo.

Hakuna taa nyekundu inayowaka. Programu inafanya kazi. Lakini mteja wa Kigoma aliyekopa shilingi 400,000 sasa anadaiwa faranga, na kila anayefanya biashara Burundi anajua pengo lililopo kati ya bei ya benki na bei ya mtaani. Imetumika ipi? Wiki tatu baadaye watu wawili wanaoaminiana miaka mingi wanaonyeshana simu, kila mmoja na namba yake.

Kosa jingine ni la kimya zaidi. Mawese ni mepesi kuliko maji. Bido la lita 20 lina takriban kilo 18. Msaidizi asiyeambiwa anaweza kuhesabu lita moja kuwa kilo moja. Kwenye bido 50 hiyo ni tofauti ya kilo 100, na anayelipa nauli ya boti kwa uzito atailipia.

Dawa iliyopatikana ni ya kizamani kabisa: daftari. Ndani ya folda ya programu fundi anaweka faili la maandishi ya kawaida ambalo msaidizi analisoma kila anapoanza kazi. Claude Code husoma faili liitwalo CLAUDE.md, zana nyingine kadhaa zimekubaliana kusoma AGENTS.md. Faili hilo halihitaji Kiingereza. Linaweza kusema kwa Kiswahili: "Mukeke na mgebuka ni bidhaa moja. Bido ni lita 20, si kilo 20. Faranga ya Burundi haina senti. Deni halibadilishwi sarafu isipokuwa mdai na mdaiwa wamekubali." Mistari kumi ya namna hiyo ina thamani kuliko saa nyingi za kurudia maelezo.

Zana nyingine zimekwenda mbele zaidi: msaidizi mwenyewe anajiandikia kumbukumbu kadiri kazi inavyoendelea. Inasaidia, ila ni sawa na karani anayeandika kwenye daftari la duka mwenye duka akiwa hayupo. Huenda ameandika sawasawa. Huenda ameandika jambo lililosemwa mara moja kwa bahati mbaya kana kwamba ni sheria. Ni lazima mtu apitie.

Tena daftari huzeeka. Kanuni iliyoandikwa mwaka 2023 kwamba mzigo fulani unapita Rwanda ilikufa Januari 2024, Burundi ilipofunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Programu iliyoandika anwani "Mkoa wa Rumonge" ilikuwa sahihi tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2015, lakini mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilipunguzwa ikawa mitano, na mji wa Rumonge sasa uko mkoa wa Burunga. Vivyo hivyo na mambo ya forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti cha uasili kilichorahisishwa kwa mizigo midogo, na kiwango kilichowekwa ni thamani isiyozidi dola 2,000. Kikibadilishwa kesho, msaidizi mwenye kumbukumbu ya zamani ataendelea kukitumia kwa ujasiri wote, na huyo ni hatari kuliko asiyekumbuka chochote, kwa sababu asiyekumbuka angalau anaweza kuuliza. Kila kanuni katika faili iwe na tarehe, na iliyokufa ifutwe. Faili likirefuka mno nalo huleta hasara: msaidizi analisoma lote, linamjazia nafasi, na yaliyo muhimu yanapotea katikati ya yasiyo muhimu.

Hata likiwa fupi na safi, si kufuli. Msaidizi anaweza kulisoma na bado akakosea. Mambo ya pesa yanahitaji jaribio ndani ya programu yenyewe: deni la majaribio la shilingi linaingizwa, programu inaendeshwa, na lisipotoka likiwa shilingi ile ile kazi inakataliwa. Fundi anayejua kazi yake hufanya yote mawili.

Yapo pia yasiyofaa kuandikwa humo. Namba ya siri ya Lumicash au M-Pesa, majina na simu za wateja, visiingie katika faili hilo. Kila msaidizi anapoanza kazi, yaliyomo husafiri kwenda kwenye kompyuta za kampuni inayomuendesha, mara nyingi nje ya Afrika. Anahitaji kujua kanuni ya deni, si jina la mdaiwa.

Suala ambalo wenye biashara huenda wasilifikirie mapema ni la mwenye daftari. Kumbukumbu ikikaa katika akaunti binafsi ya fundi, fundi akipata kazi Kigali au akihamia Ulaya inaondoka naye, na anayefuata anaanza upya kumfundisha mashine tofauti ya bido na kilo. Ikikaa kama faili ndani ya programu, inakabidhiwa pamoja na programu, na fundi wa Kigoma anaweza kuendeleza ya fundi wa Bujumbura. Chama kinacholipia programu kinaweza kuliandika hilo katika makubaliano, pale pale inapoandikwa bei.

Kulithibitisha hakuhitaji elimu ya kompyuta. Kabla malipo ya mwisho hayajatolewa, fundi afungue mazungumzo mapya mbele ya mteja, bila kumweleza msaidizi chochote, kisha aulize swali moja: mtu wa Kigoma akikopa bido tano kwa shilingi, deni lake litahifadhiwaje?