Kabla ya Kununua Pikipiki Iliyotumika kwa Safari Ndefu

Mnunuzi wa Mahongole anayekusudia kusafiri hadi Mbeya au Songea asiridhike na rangi inayong'aa. Tunamshauri aikague pikipiki asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, kwani injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Akague pia breki, matairi, cheni na shokomzoba zinazovuja.

Kisha alinganishe namba za chasisi na injini na zile zilizo kwenye kadi ya usajili. Zikitofautiana, asilipe. Malipo yaambatane na mkataba wa maandishi, na umiliki uhamishwe TRA; bila hivyo, atakuwa amelipia chombo kilichosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.