Ndege wa Matete: Tumtambue Kabla ya Kufyeka

Katika Bonde la Kilombero, mkulima wa mpunga akiona ndege wadogo wa kahawia kwenye matete husema mara moja: kweleakwelea! Matete hufyekwa au huchomwa moto, na pengine huombwa dawa ya kupulizia. Lakini si kila ndege wa kahawia ni mwizi wa mpunga.

Bondeni humu wapo ndege wawili, sistikola wa Kilombero na sistikola mkia-mweupe, ambao hawajulikani kuishi mahali pengine popote duniani. Watafiti waliwaona tangu miaka ya 1980, lakini majina rasmi ya kisayansi walipewa mwaka 2021. Makazi yao ni matete na majani marefu ya ardhioevu hii, iliyoingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002.

Kamati za sharika na mitaa zinaweza kuwatofautisha hivi:

1. Mdomo: Kweleakwelea ana mdomo mfupi na mnene wa kuvunjia mbegu. Sistikola ana mdomo mwembamba wa kudonolea wadudu.

2. Idadi: Kweleakwelea huenda kwa makundi makubwa, na jioni hulala pamoja kwa maelfu. Sistikola huonekana mmoja au wawili.

3. Tabia: Sistikola hujificha ndani ya majani. Hupanda juu ya tete kuimba, na akishtuka huzama tena.

4. Sauti: Sistikola wa aina mbalimbali hufanana mno, hata wataalamu hutegemea sauti kuwatenganisha. Nendeni asubuhi na mapema, mkasikilize.

Ndege huyu hali mpunga wetu, anakula wadudu. Matete anamoishi hushika udongo wa kingo za mto. Tukiyamaliza, yeye hana pa kuhamia.

Kwa hiyo, kabla ya usharika kufungua shamba jipya au kuomba dawa, kamati ikague matete asubuhi na jioni. Pia tuzingatie Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayolinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nanyi wafadhili wetu, mnapopokea ombi la mradi wa mpunga, ulizeni kama ukaguzi huo umefanyika.

Mungu alimpa mwanadamu bustani ailime na pia aitunze. Kazi hizo mbili haziachani.