Tuliyoyaona Katika Mizabibu ya Barossa

Wanachama wenzetu, tunapenda kukupeni khabari za safari yetu ya bonde la Barossa, Australia ya Kusini, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Adelaide.

Wageni huenda huko kuonja mvinyo. Sisi hatukuonja, tulikula mkate, jibini na matunda makavu katika soko la wakulima la Angaston, ambalo huwa kila Jumamosi asubuhi. Lakini kilichotushika hasa ni mizabibu mikongwe. Huko Langmeil tuliiona ile isemwayo kuwa ilipandwa mwaka 1843. Mashina yake yamepinda kama vidole vya mzee, na hata leo yanazaa.

Katika miaka ya 1980 bei ya zabibu ilianguka, na serikali ikawalipa wakulima wang'oe mizabibu yao. Wengi waling'oa. Mstahimilivu hula mbivu: waliobakisha, zabibu zao leo zinatafutwa sana. Tangu 2009 mizabibu hiyo imewekewa daraja zake: miaka 35, 70, 100 na 125.

Ndugu zetu, mkarafuu nao ni mti wa subira. Kabla hatujashika shoka kwa bei ya msimu mmoja, tuikumbuke Barossa.