Sauti ni Amana: Kuchagua na Kutumia Kisanduku cha Kurekodia Nyumbani



Mazungumzo yetu ya leo yahusu sauti ya binadamu na namna ya kuihifadhi. Zamani, mtu aliyetaka kurekodi mawaidha, utenzi au kisa cha wazee alilazimika kwenda studio, au kutumia kinasa sauti cha kaseti, zile kaseti ambazo kampuni ya Philips ilizitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Siku hizi kazi hiyo yafanyika nyumbani kwa kompyuta, maikrofoni na kisanduku kidogo cha sauti kinachounganishwa kwa waya wa USB. Kwa kuwa maneno mengi tunayoyasikia hewani sasa yarekodiwa vyumbani mwetu, yatupasa tujue kisanduku hicho hufanya kazi gani, tukichague vipi kwa fedha chache, na tukitumie vipi.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumrekodi mzee mmoja aliyekuwa hazina ya habari za mtaa wetu. Nilikuwa na vyombo vipya, na nilivionea fahari. Nilimwomba mzee aseme maneno mawili matatu ya majaribio. Akasema kwa upole, kama wasemavyo watu wanaojaribiwa. Nikapandisha sauti mpaka nikaridhika. Lakini mzee alipofika kwenye kiini cha kisa chake, alichangamka, akapaza sauti, akacheka, akapiga paja. Niliporudi nyumbani nikasikiliza, nikakuta mahali pale pote sauti imepasuka na kukwaruza, hata maneno hayatambulikani. Nikasema nitarudi. Kabla sijarudi, mzee akafariki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kosa hilo halikuwa la kisanduku. Lilikuwa la mkono uliokitumia. Basi tukifahamu kisanduku, ndugu zangu, kwa ajili ya amana ya namna hiyo.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni hupokea mtikisiko huo na kuugeuza kuwa umeme dhaifu mno. Kisanduku chetu kina kazi tatu. Kwanza, huukuza umeme ule dhaifu. Pili, huupima mara maelfu kwa kila sekunde na kuuandika kwa tarakimu, maana kompyuta haijui lugha nyingine. Tatu, huzigeuza tarakimu zile kuwa sauti tena, ili uisikie kwa hedifoni. Kompyuta nyingi zina tundu lao la maikrofoni, lakini mara nyingi tundu hilo hukuza sauti kwa uhafifu na huchanganya humo mvumo wa mashine yenyewe.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na mara nyingi husema kweli. Lakini katika jambo hili kuna hatari ya upande wa pili, nayo ni israfu: kununua sifa usizozihitaji. Muuzaji atakuambia kwamba kisanduku chake hupima sauti mara 192,000 kwa sekunde. Mwulize: kwa sikio la nani? Sikio la binadamu, hata la kijana, halisikii zaidi ya mitikisiko 20,000 hivi kwa sekunde, na ili kuihifadhi yatosha kupima kwa idadi inayozidi maradufu yake. Ndiyo maana santuri za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, hupima mara 44,100 tu. Wewe chagua 48,000, nawe umetosheka.

Mambo yanayostahili kutazamwa ni haya. La kwanza ni matundu. Ukirekodi peke yako, tundu moja la maikrofoni latosha; ukikusudia kumhoji mwenzako, tafuta mawili. Focusrite Scarlett Solo, mathalan, ina tundu moja la maikrofoni. Behringer UMC202HD ina mawili. Tundu lenyewe liwe la plagi ya XLR, ile yenye pini tatu. La pili ni uwezo wa kukuza, ambao kwa kawaida huandikwa kwa desibeli. Kiasi cha desibeli 50 au zaidi kwafaa kwa maikrofoni za kawaida za kusemea. La tatu ni biti. Biti 16 zaweza kuchukua hotuba bila taabu. Lakini biti 24 zakupa nafasi kubwa ya kurekodi kwa sauti ya chini kisha kuipandisha baadaye bila kuleta mchakato wa kelele. Utaona punde kwa nini nafasi hiyo ni kinga. La nne ni tundu la hedifoni, pamoja na swichi ya kujisikia moja kwa moja kabla sauti haijapita kwenye kompyuta. Bila hiyo utasikia maneno yako yakichelewa, nawe utagugumia. La tano, hakikisha kwamba kisanduku kinakubaliana na kompyuta yako. Vingine hufanya kazi hata na simu yenye tundu la USB-C, lakini si vyote. Jaribu dukani kabla ya kutoa fedha.

Na maikrofoni je? Ziko aina mbili zinazotumika sana. Moja ni kondensa, yenye usikivu mkubwa, nayo huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku. Nyingine ni dainamiki, kama Shure SM58 iliyotolewa mwaka 1966 na ambayo ingali yatumika duniani kote. Wengi hukimbilia kondensa kwa sababu ya usikivu wake. Lakini usikivu huo hauchagui: husikia maneno yako, na jogoo wa jirani, na pikipiki barabarani, na feni juu ya dari. Kwa nyumba zetu zenye madirisha wazi na paa la mabati, dainamiki iliyo karibu na mdomo mara nyingi huleta kazi safi zaidi.

Basi kabla ya kuongeza fedha kwenye vyombo, kitengeneze chumba, maana hilo halina gharama. Chagua chumba chenye kitanda, mapazia na nguo, kwani vitu laini hunywa mwangwi, na kuta tupu huurudisha. Zima feni, na friji ikiwa karibu. Kisha sogea. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maikrofoni, sauti yako hupanda kwa desibeli 6 hivi, na kelele za chumba hubaki pale pale zilipokuwa. Umbali wa sentimita 10 hadi 15 wafaa. Weka maikrofoni kando kidogo ya mdomo, ili pumzi za herufi kama P na B zisiipige usoni.

Sasa tumefika penye kosa langu. Kwenye kisanduku pana kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa neno gain. Hicho ndicho hupanga ukubwa wa sauti iingiayo. Katika kipimo cha kompyuta, sifuri ni dari, na namba zote za sauti ziko chini yake. Sauti ikigonga dari hukatwa kichwa, na kilichokatwa hakirudi kikamilifu, hata kwa programu ya bei ghali. Kwa hiyo usimpime msemaji kwa maneno ya upole. Mwambie aseme kama atakavyosema atakapokuwa amechangamka. Mwombe acheke, mwombe aite mtu aliye uani. Wakati huo zungusha kitufe mpaka vilele vya sauti yake vifike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Taa nyekundu ikiwaka, teremsha. Utaiona rekodi ni ya chini, nawe utatamani kuipandisha. Usiipandishe. Sauti iliyo chini kwa kiasi hicho huinuliwa baadaye kwa programu kama Audacity, ambayo haiuzwi. Sauti iliyopasuka haina tiba ya kuirudisha kama ilivyokuwa.

Yamebaki machache. Sikiliza kwa hedifoni zilizofunika masikio, wala usifungue spika wakati maikrofoni iko wazi, kwani sauti itazunguka na kupiga kelele. Ukisikia mvumo mzito, chomoa chaja ya kompyuta utumie betri; mara nyingi mvumo ule ni wa umeme wa nyumba. Rekodi kwa njia ya sauti ya maikrofoni moja, kwa faili la WAV lisilobanwa. Kwa biti 24 na vipimo 48,000, dakika moja huchukua takriban megabaiti 9, na nusu saa huchukua 260 hivi, si nyingi. Kabla ya mazungumzo yenyewe, rekodi dakika moja, simamisha, isikilize yote. Baada ya kumaliza, sikiliza mwanzo, katikati na mwisho mbele ya msemaji, kabla hajaondoka. Kisha weka nakala mbili mahali pawili, maana kompyuta huharibika na simu huibiwa.

Ndugu wasikilizaji, katika hayo yote hakuna hata moja linalohitaji kisanduku cha bei kubwa. Kisanduku cha bei ndogo, kikitumiwa na mtu makini katika chumba kilichotulia, huhifadhi sauti kwa uaminifu. Na kile cha bei kubwa, mikononi mwa mwenye haraka, huipoteza. Mtu anapokubali kusema mbele ya maikrofoni yako, amekukabidhi kitu ambacho pengine hatakisema tena. Mimi nina nakala mbili za kisa cha yule mzee, mahali pawili, nazo zote zimepasuka mahali pale pale. Hucheka humo, nami sijui alichekea nini.

Basi ikiwa nyumbani kwako yuko mzazi, bibi au babu mwenye habari zake, usingoje chombo bora kuliko ulicho nacho. Funga dirisha, zima feni, mketishe karibu, mwombe acheke kwanza, uteremshe kitufe, kisha umwache aseme.