Zohali ya Magazeti na Gundi ya Unga

Ukitaka mtoto aijue sayari kwa mikono yake, mpe Zohali. Mirihi ukishaipaka rangi nyekundu umemaliza. Zohali ina pete, na pete zinadai rula.

Puliza puto hadi lifike upana wa sentimita 20. Pika unga wa ngano uwe gundi, chovya vipande vya gazeti, bandika tabaka nne au tano, kila moja ikauke kwanza. Kisha toboa puto.

Sasa hesabu ianze. Kipenyo cha Zohali kwenye ikweta ni kilomita 120,500 hivi, kwa hiyo sentimita moja ya mpira wako ni kama kilomita 6,000. Lakini kutoka ncha hadi ncha ni kilomita 108,700 tu. Sayari hii ni gesi na vimiminika, na hujizungusha mara moja kwa saa kumi na nusu hivi. Mzunguko huo huivimbisha kiunoni. Basi kata mpira nusu kwa nusu kwenye ikweta, punguza sentimita moja kwenye ukingo wa kila nusu, ziunganishe tena. Wengi huiruka hatua hii, wakabaki na chungwa lenye pete.

Pete zikate kwenye boksi jepesi: ukingo wa nje kipenyo cha sentimita 45, tundu la katikati 25. Mabango mengi huzichora kana kwamba zimegandana na sayari, na si kweli. Kati ya mpira na pete patabaki nafasi ya sentimita mbili na nusu. Chomeka njiti nne za mishikaki pande nne za ikweta, ubandike pete juu yake. Sentimita 19.5 kutoka katikati ya sayari, zungusha mstari mweusi wenye upana wa milimita 8. Huo ni mwanya ambao Giovanni Domenico Cassini aliuona mwaka 1675.

Kinachoshindikana ni unene. Pete ni vipande vya barafu visivyo na idadi, na sehemu kubwa yake ina unene wa makumi ya mita tu. Karatasi ya daftari, kwa kipimo chetu, ina unene wa kilomita 60.

Pitisha kijiti kwenye ncha mbili, ukiinamishe nyuzi 27 kutoka wima. Mtoto akae katikati ya chumba, nawe umzunguke na sayari, kijiti kikielekea kona ileile muda wote. Mara mbili katika kila mzunguko ataona pete zikisinyaa hadi kuwa uzi. Zohali humaliza mzunguko wake kwa miaka 29 na kitu, hivyo jambo hilo hutokea kila baada ya miaka 15 hivi. Mara ya mwisho ilikuwa Machi 2025. Galileo aliona vinundu viwili ubavuni mwa sayari mwaka 1610, na mwaka 1612 vikawa vimetoweka. Alichanganyikiwa, na haki yake. Ni Christiaan Huygens aliyeeleza, katika kitabu cha mwaka 1659, kwamba ile ni pete iliyoinama.

Gundi ikibaki, ongeza mwezi Titan: kipira cha milimita 8.5, mita 2 kutoka katikati ya sayari. Dunia itakuwa gololi ya sentimita 2. Jua usihangaike nalo: kwa kipimo hiki lina upana wa mita 2.3, na mahali pake ni kilomita 2.4 kutoka mezani kwako.